Mawe Mawili na Jina la Nyemo

Vijana wa karakana mmeniomba niwaachie maandishi, kwa kuwa mnasema mimi ndiye wa mwisho kati yetu aliyekuwa akichonga herufi kwa mkono. Sifa hiyo si kubwa. Mashine mliyoletewa inachonga kwa dakika ishirini kile nilichokuwa nakichonga kwa siku tatu, na haiulizi inaandika nini. Mimi pia sikuuliza kwa miaka mingi, kwa hiyo tofauti yetu ni umeme tu.

Elimu yangu ni darasa la saba. Sitaandika vyeo, maana nilikuwa na kimoja, wala mshahara, maana mnaujua. Nitaandika kazi ilivyokuwa, na nitafika kwenye mawe mawili ya mwisho, yenye jina la mdogo wangu Nyemo. Najua mmekuwa mkinong'onezana kuhusu mawe hayo. Heri mlisome jambo hilo kwangu kuliko kulisikia kwa watu wa stendi.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Iddi, Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi mwenye kofia nyeupe iliyokuwa imegeuka rangi ya saruji. Hakuniuliza jina. Alinipa kipande cha terazo kilichovunjika, patasi na nyundo ya mti, akaniambia nichonge M.

"M tu, mzee?"

"M tu. Mheshimiwa huanza na M. Mkuu huanza na M. Mgeni rasmi, M. Maendeleo, M. Ukiijua hiyo, nusu ya kazi umeimaliza. Iliyobaki ni nukta."

Nilichonga M mwezi mzima. Alinifundisha kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chokaa, kuandika kwanza kwa penseli ya seremala, kulaza patasi badala ya kuisimamisha, na kufagia vumbi kwa mswaki mkuukuu badala ya kupuliza kwa mdomo. Yeye mwenyewe alipuliza kwa mdomo ujana wake wote, kwa sababu hakuna aliyemwambia, na kifua chake kikawa kinafanya kelele kama mvukuto wa mhunzi. Nyinyi mna barakoa. Zivaeni. Msizitundike ukutani zikawa mapambo ya siku ya ukaguzi.

Sheria yake kubwa ilikuwa hii: jina la mgeni rasmi lisichongwe mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Maneno "Jiwe hili la msingi limewekwa na" unaweza kuyachonga hata mwaka kabla, kwa kuwa hayabadiliki. Ila jina ni kama mvua za Dodoma, linatangazwa kisha haliji. Mara mheshimiwa amepata dharura, mara amepata kikao, mara hana tena cheo na hata dereva wake hapokei simu. Nimewahi kuchongea jina juu ya bodi ya Landrova, njia ya Kibaigwa, katikati ya malori ya mahindi, huku afisa mmoja akinisomea herufi moja moja kutoka kwenye simu, kijasho kinamtoka kama yeye ndiye anayechonga.

Kuna zahanati moja, sitaitaja, yenye mawe matatu ukutani. La kwanza linasema imewekewa jiwe la msingi. La pili linasema imefunguliwa. La tatu linasema imezinduliwa. Nilipopita mara ya mwisho dawa ilikuwa imekwisha, lakini kuta zilikuwa na afya njema. Nesi alikuwa ametundika koti lake kwenye msumari wa jiwe la pili.

Kazi ngumu zilikuwa za watu walioanguka. Ujumbe unakuja karakana: jina la fulani lisionekane tena mahali fulani. Wakubwa walidhani tunavunja jiwe na kununua jipya. Mzee Iddi alikuwa na njia yake. Alilibandua jiwe, akaligeuza, akachonga upande wa nyuma jina la aliyefuata, akalirudisha. Liko jengo mjini hapa ambalo mtu mmoja anatazama barabara na mwingine anatazama ukuta, nao waligombana maisha yao yote na sasa wanashiriki jiwe moja kama wake wenza. Nilimuuliza kama haoni vibaya.

"Vibaya nini? Sisi hatufuti mtu. Tunamgeuza tu, kama chapati."

Alifia Kondoa kwa kile kile kifua. Nilikuwa nimemwahidi kwamba nitamchongea jiwe zuri, la herufi za kukata ndani, bila rangi ya dhahabu. Alinishika mkono akacheka mpaka akakohoa. "Petro, mimi usiniwekee jiwe. Nimeshaona yanavyoandikwa." Tulimzika kwa udongo na kijiti. Ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akikataa sifa, na hakuwa na yoyote ya kukataa.

Baadaye Serikali ikahamia Dodoma kwa kweli, baada ya kuhamia kwa maneno kwa miaka mingi, na mawe yakawa mengi kuliko mikono. Hapo ndipo kazi ilipobadilika. Zamani tulichonga ahadi. Sasa tukaanza kuletewa kumbukumbu. Hapa palikaa shujaa fulani. Hapa wananchi walisema hapana. Hapa wananchi walisema ndiyo. Ahadi ilikuwa na uungwana wake, maana unaweza kwenda kuangalia kama jengo lipo. Kumbukumbu huwezi kwenda kuiangalia. Unamwangalia anayeilipia.

Nilikuwa nimebakiza miezi miwili kustaafu aliponijia Katibu wa Kamati ya Maadhimisho. Alikuwa mtu mtaratibu, wa suti ya kaunda, mwenye faili la kijani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Katibu."

"Tuna jambo la kihistoria."

Nilimwambia siku hizi yote ni ya kihistoria, hata choo cha shule. Hakucheka. Alitaja kijiji. Kilikuwa kijiji chetu, upande wa Gulwe. Sikitaji jina, kisije kikaletewa jiwe la tatu.

Inabidi niwaeleze kidogo, maana wengi wenu mmezaliwa wakati kijiji kikiitwa kijiji tu. Kwetu hakukuwa na kijiji. Kulikuwa na matembe yaliyotawanyika, kila ukoo na zizi lake, na visima vya kuchimba kwenye mchanga wa mto. Nilikuwa na miaka minane watu wa Serikali walipokuja na malori kutuhamishia mahali pamoja, pembeni ya barabara. Walibomoa mapaa ya tembe ili tusirudi. Hawakumpiga mtu risasi. Hakuna aliyeimba. Mama alibeba jiwe lake la kusagia, likavunjika wakati wa kulishusha. Mahali tulipopelekwa palikuwa na vigingi na kamba zilizonyooka vizuri sana, kila familia na mraba wake. Maji yalikuwa kwenye mpango. Mvua ilituangukia kabla hatujaezeka. Watu kadhaa walikufa miezi ile, na Nyemo, aliyekuwa na miaka minne, alikufa kwa kuhara. Alipozidiwa, mgambo mmoja, kati ya wale wale waliobomoa mapaa, alimpakia kwenye baiskeli pamoja na mama kumkimbiza kwa mganga, akarudi anaisukuma baiskeli huku analia. Baba alimzika Nyemo mwisho wa mraba wetu, akaweka juu yake nusu ya lile jiwe la kusagia.

Mwaka uliofuata likajengwa darasa, nami nikafundishwa kusoma humo. Herufi zote zilizonilisha maisha yangu nilizipata pale. Na hili nalo linapaswa kusemwa, ingawa linaharibu hadithi ya kila mtu.

Katibu alifungua faili akanipa maneno. Waasisi wa kijiji, waliohamia kwa hiari na kwa moyo wa kujitolea. Chini yake majina kumi na mawili. La kumi na mbili lilikuwa Nyemo.

"Majina haya mmeyatoa wapi?"

"Daftari la mazishi la kanisa. Tumefanya utafiti."

Daftari hilo nalijua. Mwalimu wa kanisa wa wakati ule aliliandika kwa penseli, safu tatu: jina, siku ya kuzikwa, na sababu ya kifo. Homa. Uzazi. Kuhara. Uzee. Kuhara. Kamati ilikuwa imenakili safu ya kwanza, ikaacha nyingine mbili.

"Katibu, huyu wa mwisho ni mdogo wangu. Alikuwa na miaka minne. Hakujitolea. Alibebwa."

Alifunga faili polepole. "Pole sana, fundi. Lakini katika maana pana, wote walijitolea."

"Andikeni basi walikufa kwa nini. Daftari linasema."

"Fundi," alisema kwa upole, "wewe unachonga au unahariri?"

Nikachonga. Hapa ndipo nataka mnisikilize. Ningeweza kukataa, mtu aliyebakiza miezi miwili hafukuzwi. Sikukataa, na sababu ilikuwa yangu mwenyewe. Siku moja, kule kwenye vigingi, mama alikuwa amekwenda kukata fito, nami niliachwa na Nyemo. Alilia kiu. Nilimchotea maji kwenye dimbwi walilokunywa ng'ombe, kwa kata ya kibuyu, akanywa mpaka akashiba. Siku ya tatu tulimzika. Sikuwahi kumwambia mtu. Jiwe likiandika kuhara, mtu atauliza maji yalitoka wapi. Jiwe likiandika kujitolea, hakuna anayeuliza kitu. Uongo wa Kamati ulinifaa mimi kuliko ulivyowafaa wao.

Nilikwenda kijijini kumwambia mama. Ana zaidi ya miaka themanini, hajui kusoma, na Kiswahili anakitumia kwa wageni tu. Maneno yake ninayoyaandika hapa aliyasema kwa Kigogo.

"Jina la Nyemo litaandikwa?" aliuliza.

"Litaandikwa, mama."

"Kwenye jiwe? Na litasomwa mbele ya watu?"

"Litasomwa."

Toka baba afariki hakuna mtu aliyelitaja jina lile mbele yake, nadhani kwa huruma, na mimi kwa woga. "Basi na mimi niwepo," alisema.

Siku ya uzinduzi walimkalisha mbele, kiti cha plastiki, kanga mpya ya Kamati begani. Jiwe lilikuwa limewekwa kando ya barabara, kwa kuwa makaburi yako mahali ambapo magari hayawezi kugeuza. Mgeni rasmi alichelewa saa tatu, akavuta kamba, pazia likakwama, mtu akalisaidia kwa fimbo. Ndipo mshereheshaji akaanza kusoma majina. Alikuwa na sauti nzuri, mtu wa harusi. Kila jina alilipamba. Alipofika la mwisho akasema:

"Na Mzee Nyemo! Mzee wetu huyu aliacha ng'ombe wake, akaacha mashamba yake, akasema, nakwenda kujenga Taifa! Makofi kwa Mzee Nyemo!"

Watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi akapiga makofi. Mama akanigeukia.

"Mzee gani?"

"Ni Nyemo, mama. Wamekosea."

"Ana ng'ombe?"

Nilimrekebishia kanga begani.

"Nimekaa juani tangu asubuhi," alisema, "kusikiliza habari za mzee nisiyemjua."

Nikastaafu. Mliniandalia soda na saa ya ukutani, asanteni. Wiki mbili baadaye, niko uani kwangu Ihumwa, nikasikia hodi. Aliingia kijana wa chama cha upinzani, amevaa kombati, wenzake wawili nyuma yake, uchaguzi ukiwa umekaribia. Walikuwa wanaitana kamanda, wote watatu, kwa hiyo sikujua nani anamwamuru nani.

"Shikamoo, mzee wangu. Tumekuja na kazi ya ukombozi."

"Marahaba. Ukombozi wa ukubwa gani?"

"Futi nne kwa tatu."

Alitoa karatasi. Wahanga waliouawa kwa risasi wakipinga kuhamishwa. Chini yake majina kumi na mawili, kwa mpangilio ule ule, na Nyemo wa mwisho. Nao walikuwa wamefanya utafiti. Daftari lile lile, safu ile ile. Pande hizi mbili hazijawahi kukubaliana hata juu ya saa ya kuanza mkutano, lakini juu ya kuiacha safu ya tatu walikuwa ndugu wa tumbo moja.

"Kamanda, mimi nilikuwepo. Hakukuwa na risasi."

"Mzee wangu, walikutisha usiseme. Tunaelewa."

"Hakuna aliyenitisha. Watu walikufa kwa sababu walishushwa mahali pasipo na maji. Hiyo haitoshi?"

Alifikiri. Nitamtendea haki: kweli alifikiri. "Inatosha kwako, mzee. Ila mkutanoni watu hawasimami kwa ajili ya kuhara."

Nikalichonga na hilo. Nilijiambia kwamba nisipolichonga mimi watapeleka kwa mashine. Hicho ndicho kisingizio cha kila fundi, kiandikeni juu ya mlango wa karakana.

Walilisimamisha ng'ambo ya barabara, likitazamana na la Kamati. Kwenye hotuba, Nyemo alikuwa kijana shupavu aliyefungua kifua mbele ya bunduki. Mama hakwenda. Alisikia kila neno kutoka nyumbani, kwa kuwa vipaza sauti vilikuwa vimeelekezwa kijiji kizima.

Kesho yake asubuhi nilimkuta anachambua majani ya mlenda. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Wamesema aliuawa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na yule aliyempakia kwenye baiskeli, wamemsema?"

"Hapana."

"Alilia kuliko baba yako." Aliendelea kuchambua. "Wale wa kwanza wamemfanya mzee. Hawa wamemfanya mwanamume mzima. Wewe ndiye uliyeandika yote mawili?"

"Ndiyo."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Kwa nini, Petro? Wewe ulikuwepo."

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya kiu, na dimbwi, na kibuyu. Nina miaka zaidi ya sitini na nilisema kama mtoto aliyevunja chungu, nikiangalia miguu yangu. Nilipomaliza, alikuwa ameacha kuchambua.

"Maji ya dimbwi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwani yalikuwepo mengine?"

Nilitikisa kichwa.

"Mimi nilimpa yale yale asubuhi yake. Na wewe uliyanywa. Na baba yako. Wote tuliyanywa, mwanangu. Yeye alikuwa mdogo." Alijifuta mikono kwenye kanga, ile ile ya Kamati. "Miaka yote hii umekuwa unakaa na hilo?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilidhani unapita kwa haraka kando ya kaburi lake kwa kuwa umemsahau." Alirudi kwenye mlenda wake. "Mtoe. Huko kote. Hakujenga kitu na hakupinga kitu. Alikuwa na kiu."

Sasa wenzangu, hili Mzee Iddi hakunifundisha, kwa hiyo chukueni kwangu. Kutoa jina moja kwenye jiwe lililosimama si kuchimba herufi; ukichimba herufi utaacha shimo lenye umbo la jina lile lile. Unashusha uso wote wa mstari, taratibu, kutoka pembeni kuja katikati, patasi bapa ikilala, mpaka upite kina cha herufi. Halafu unasugua kwa jiwe la kunolea na maji. Inachukua mchana mzima. Kuliandika jina la Nyemo kulinichukua dakika arobaini.

Wiki chache baadaye nilianza na la Kamati, mchana kweupe, sikujificha. Mtendaji wa kijiji alipita na pikipiki akasimama.

"Fundi! Unarekebisha?"

"Narekebisha."

"Haya, kazi njema. Hawa wa mjini wanaandika haraka haraka."

Siku ya pili nikavuka barabara kwenda la makamanda. Hapo hakupita mtu. Uchaguzi ulikuwa umekwisha, na wahanga walikuwa wamebaki peke yao na mbuzi. Anayetaka kunishtaki kwa kuharibu mali ya historia anajua kwangu, na kama ni pande zote mbili, waje pamoja, itakuwa mara yao ya pili kukubaliana.

Jioni nilimleta mama. Alitembea mwenyewe, akanishikisha fimbo yake ili mikono yake iwe huru. Alianza juu kabisa ya jiwe la Kamati, akishuka kwa vidole juu ya herufi asizozijua, jina kwa jina, taratibu, kama anampekua mtoto chawa. Alipofika chini vidole vikateleza mahali palipokuwa laini.

"Ni hapa?"

"Ni hapo, mama."

Alipapasa kwenda na kurudi mara mbili, kisha akanyoosha mkono nimpe fimbo yake.

"Hapa hawajadanganya," alisema, tukavuka barabara kwenda kwenye lile la pili.